Mafua ya majira ya baridi: chagua dawa ya nyumbani kwa dalili inayokusumbua

Hakuna kitu jikoni kinachoua virusi vya mafua. Si tangawizi, si limau, si kitunguu saumu. Virusi vinavyoleta mafua ni zaidi ya aina 200, vingi vikiwa vya kundi la rinovirusi, na mwili wenyewe ndio unaovimaliza, kwa kawaida ndani ya siku 7 hadi 10. Dawa ya nyumbani ina kazi nyingine: kulainisha koo, kufungua pua, kutuliza kikohozi ili mtu apate usingizi. Kila moja ina dalili yake. Anayekunywa tangawizi akitarajia pua iliyoziba kabisa ifunguke, au anayejifukiza kwa sababu koo linamuuma, huishia kusema dawa za nyumbani ni uongo, kumbe ameshika isiyo yake.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza "nichemshe nini?" Anza kwa kuuliza ni kipi kinachokukera zaidi leo, maana kesho kitakuwa kingine. Siku ya kwanza koo huwasha na chafya huanza. Siku ya 2 na ya 3 ndizo mbaya kuliko zote: pua inatiririka, kisha inaziba, kichwa kinakuwa kizito. Baadaye kamasi jepesi huwa zito na kugeuka njano au kijani. Kikohozi ndicho cha mwisho kuondoka, na kinaweza kubaki wiki 2 au 3 baada ya mengine yote kwisha. Rangi ya kijani isikutie hofu. Inatokana na vimeng'enya vya chembe nyeupe za damu zilizo kazini, haithibitishi kwamba kuna bakteria, na peke yake si sababu ya kumeza antibiotiki, ambazo hazifanyi lolote kwa virusi.

Kabla ya kuchemsha chochote, pima joto la mwili. Mafua ya kawaida kwa mtu mzima mara nyingi hayana homa, au yana homa ndogo. Homa kali iliyoanza ghafla, mwili mzima ukiuma na miguu ikikataa kunyanyuka kitandani, inaelekea zaidi kwenye influenza, yaani mafua makali yanayoletwa na virusi vyake vyenyewe. Na kama unaishi au umetoka mahali penye malaria, homa ipimwe hospitali. Usiibatize jina la mafua kwa kuwa tu ni msimu wa baridi.

Koo linalouma: maji ya chumvi

Pima nusu kijiko cha chai cha chumvi ya kawaida, kijiko kikiwa kimesawazishwa juu, ukoroge katika mililita 250 za maji ya uvuguvugu mpaka chembe zisionekane chini ya glasi. Piga funda, inua kidevu, toa sauti ya "aaa" ili maji yacheze kooni kwa sekunde 15 hadi 30, kisha tema. Endelea hivyo mpaka glasi iishe. Fanya mara 3 au 4 kwa siku, na mara moja kabla ya kulala.

Wanaoharibu hapa huongeza chumvi wakidhani kali ndiyo dawa. Chumvi ikizidi hukausha koo na kuleta kichefuchefu. Maji ya moto mno nayo huunguza sehemu ambayo tayari imevimba. Usimeze, hasa kama una shinikizo la damu. Watoto wa chini ya miaka 6 wengi hawawezi kusukutua bila kumeza au kupaliwa, hivyo njia hii si yao. Nafuu yake ni ya muda mfupi; ndiyo maana inarudiwa.

Kinywaji cha moto cha tangawizi

Tangawizi ina ladha kali inayochangamsha mate na koo, lakini sehemu kubwa ya nafuu inatoka kwenye joto na maji yenyewe. Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza, walilinganisha kinywaji kimoja cha matunda kikinyweka moto na kikinyweka kwa joto la chumba, kwa watu 30 wenye mafua. Cha joto la chumba kilisaidia kamasi linalotiririka, kikohozi na chafya. Cha moto kilisaidia hayo pamoja na maumivu ya koo, baridi mwilini na uchovu. Walipopima hewa inayopita puani, hapakuwa na tofauti. Yaani mtu anajisikia nafuu ya kweli, ila pua haijazibuka. Weka hilo akilini.

Kwa vikombe 2, chukua kipande cha tangawizi mbichi cha ukubwa wa kidole gumba, gramu 15 hadi 20. Ioshe vizuri, hakuna haja ya kuimenya kama ganda ni safi. Ikate vipande vyembamba au ipondeponde, kwa sababu kipande kizima hakitoi ladha ya kutosha. Weka katika mililita 500 za maji baridi, funika, chemsha, kisha punguza moto yatokote polepole kwa dakika 10. Zima, acha dakika 5 sufuria ikiwa imefunikwa, chuja. Sasa ndipo ukamue nusu limau na kuweka asali vijiko 2 vya chai kwa kila kikombe. Limau likichemshwa pamoja na ganda lake huleta uchungu, na asali ikipigwa moto mkali hupoteza harufu yake, ndiyo sababu vyote viwili vinaingia mwisho.

Subiri kipoe kidogo kabla ya kunywa. Vinywaji vinavyonywewa vikiwa na nyuzi joto zaidi ya 65 viliwekwa mwaka 2016 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani, ya umio hasa. Kama kinaunguza ulimi, bado.

Tangawizi nyingi, hasa ikinywewa kwenye tumbo tupu, huleta kiungulia. Ukiona hivyo, punguza kipande, usiongeze asali kuficha ukali. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda asiingie kwenye vikombe vingi kila siku bila kumuuliza daktari wake. Mwenye kisukari ahesabu asali kama sukari, kwa sababu ndivyo ilivyo. Ukipenda kuongeza karafuu au mdalasini, ongeza. Ni kwa ajili ya harufu na ladha.

Supu ya moto inafanya kazi ileile, na ina ziada: chumvi na chakula kwa mtu ambaye hamu ya kula imemwisha. Kuku, mboga, dengu, chochote. Maziwa hayaongezi kamasi, japo wengi huamini hivyo. Yanafanya tu mate yawe mazito kwa muda mfupi mdomoni. Kipimo cha kutosha cha maji ni mkojo: ukiwa wa njano hafifu, unakunywa vya kutosha. Pombe iache, hata ile inayowekwa kwenye kinywaji cha moto, kwani huvuruga usingizi ambao ndio unaoutafuta.

Pua iliyoziba

Hapa ndipo watu wanapoteza muda mwingi, na ndipo dawa nzuri kuliko zote ni rahisi kuliko zote: maji ya chumvi yanayopitishwa puani. Yanalainisha kamasi zito, yanalisafisha, na hayana kemikali ya kuzoeleka. Lakini yana masharti mawili ambayo hayana mjadala, maji salama na chumvi kwa kipimo.

Anza na maji. Yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu dakika 1 nzima. Kama uko mahali pa juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, iwe dakika 3. Yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, na yatumie ndani ya saa 24. Maji yaliyokenekwa ya chupa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakarudishwa kuwa maji, nayo yanafaa. Maji ya bomba moja kwa moja hayafai, hata yale unayokunywa bila tatizo. Yanaweza kuwa na amiba iitwayo Naegleria fowleri, ambayo ukiimeza haikudhuru, lakini ikipita puani inaweza kufika kwenye ubongo. Ni ugonjwa adimu sana, na karibu kila anayeupata hufa. Chujio la kawaida la nyumbani halitoshi.

Chumvi: gramu 9 kwa lita 1, ambazo ni kijiko cha chai kimoja na nusu, kimesawazishwa. Hiyo inakaribia uchumvi wa mwili wenyewe. Maji matupu huchoma puani kwa sababu hayana chumvi, si kwa sababu pua yako ni dhaifu. Tumia chumvi isiyo na iodini na isiyo na kitu cha kuzuia kugandamana kama unaipata, maana viongezi hivyo huweza kuwasha. Ikiendelea kuchoma, ongeza nusu kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda kwa lita hiyo moja. Hakikisha ni bikaboneti tupu, si hamira ya unga ya kuumulia keki, ambayo ndani yake kuna asidi na wanga.

Yapashe maji yawe na joto la mwili. Jaribu kwa tone kwenye kifundo cha mkono kama maziwa ya mtoto. Jaza chupa laini ya kubonyeza au kibirika kidogo cha kuoshea pua. Inama juu ya sinki, geuza kichwa upande, fungua mdomo na upumue kwa mdomo. Weka ncha ya chupa kwenye tundu la juu, bonyeza taratibu. Maji yatatokea tundu la pili, mengine mdomoni, yateme. Mililita 100 hadi 120 kwa kila tundu zinatosha. Ukimaliza, inama zaidi ili yaliyobaki yatoke, kisha penga polepole.

Yanayokwenda vibaya yanajulikana. Ukimeza mate au kuongea katikati, maji huelekea masikioni. Ukibonyeza kwa nguvu, masikio huuma. Pua ikiwa imeziba kabisa pande zote mbili, usilazimishe. Kaa kwanza bafuni penye mvuke wa maji ya moto dakika 10, kisha jaribu tena. Usifanye dakika ileile unayolala, kwa kuwa maji yaliyojificha yatateremka kooni na kukukohoza. Acha saa 1 ipite. Chupa ioshwe kwa sabuni na ikauke kabisa, na kila mtu awe na yake. Mara 1 au 2 kwa siku inatosha.

Kupenga nako kuna namna. Ziba tundu moja kwa kidole, penga jingine taratibu, kisha badilisha. Kupenga yote mawili kwa nguvu husukuma kamasi kurudi kwenye matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso na kuelekea masikioni. Ngozi iliyochubuka chini ya pua ipake mafuta mazito ya kujipaka, safu nyembamba, baada ya kila kuosha uso.

Kuhusu kujifukiza kwa blanketi juu ya sufuria, yaani nyungu: mvuke unaleta raha kwa dakika chache, lakini ushahidi kwamba unafupisha mafua haupo, na majeraha ya moto yapo mengi, hasa kwa watoto wanaomwagikiwa sufuria. Tunapendekeza bafu la maji ya moto mlango ukiwa umefungwa badala yake. Mtu mzima akishikilia kujifukiza, maji yatolewe kwanza kwenye moto, bakuli pana liwekwe juu ya meza isiyotikisika, uso ukae sentimita 30 au zaidi juu yake, macho yafungwe, na isizidi dakika 10. Mtoto asijifukize kabisa.

Mentholi na mikaratusi ni jambo jingine linaloeleweka vibaya. Mentholi haizibui pua. Inaamsha neva za kuhisi ubaridi, na ubongo ukadhani hewa nyingi inapita. Kama inakusaidia kulala, ni faida, pakaa kifuani na shingoni, si ndani ya pua. Usimpake mtoto wa chini ya miaka 2 dawa zenye kafuri au mentholi, na mafuta ya mikaratusi hayanywewi hata tone: kafuri na mafuta hayo yakimezwa yanaweza kuleta degedege.

Kikohozi cha usiku

Asali ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko dawa zote za jikoni, hasa kwa kikohozi cha watoto. Dozi ni nusu hadi kijiko 1 cha chai kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, kijiko 1 kwa wa miaka 6 hadi 11, na vijiko 2 kwa wa miaka 12 na zaidi, nusu saa hivi kabla ya kulala. Ilambwe taratibu ipake koo. Ikikorogwa kwenye kikombe kikubwa cha chai inapita haraka na faida inapungua. Meno yapigwe mswaki baadaye.

Mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 asipewe asali. Hata tone kwenye chuchu ya chupa, hata iliyochemshwa au kuokwa. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria Clostridium botulinum, ambazo joto la jikoni haliziui, na utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzizuia zisiote na kutoa sumu inayolegeza misuli, pamoja na ya kupumulia.

Kohozi linaloteremka nyuma ya koo ndilo linalokohoza wengi wakilala. Inua kichwa pamoja na mabega kwa mto wa ziada. Kuinua shingo peke yake kunakunja koo na kukuamsha na maumivu. Kwa mtoto mchanga usiweke mto wowote; alale chali, mahali tambarare.

Hewa ya chumba

Hita ikiwaka usiku kucha hukausha hewa, na pua kavu huziba na kutoka damu. Unyevu wa asilimia 40 hadi 50 unatosha. Kama una mashine ya unyevunyevu, tumia ya ukungu baridi penye watoto, badilisha maji kila siku na uisugue tangi lake, la sivyo utapuliza kuvu na bakteria chumbani. Bila mashine, tundika taulo lililolowa karibu na chanzo cha joto, lakini lisikiguse. Madirisha yakitoa jasho asubuhi, umezidisha.

Kamwe usilale na jiko la mkaa likiwaka chumbani, hata kama umeweka sufuria ya maji juu yake ili itoe mvuke. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na dalili zake za mwanzo, kichwa kuuma na uchovu, zinafanana mno na za mafua yenyewe. Wote wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja na kupata nafuu wakitoka nje, tatizo ni hewa.

Vinavyosifiwa kupita kiasi

Vitamini C ikitumiwa kila siku kabla ya kuugua hufupisha mafua kidogo, kama asilimia 8 kwa watu wazima na 14 kwa watoto. Ikianzwa baada ya chafya ya kwanza, haijaonyesha faida ya kutegemewa, na zaidi ya miligramu 2,000 kwa siku huharisha. Vidonge vya zinki vya kumung'unya huenda vikafupisha mafua vikianzwa ndani ya saa 24, ila huacha ladha ya chuma na kichefuchefu. Zinki ya kuweka puani usiiguse: mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba watu walipoteza uwezo wa kunusa. Kitunguu saumu kiliwe kwenye chakula. Kukisokomeza puani au kukifunga kibichi kwenye ngozi huunguza.

Na kama unachanganya dawa za nyumbani na za dukani, soma karatasi. Dawa nyingi za mafua tayari zina parasetamoli, hivyo kumeza parasetamoli pembeni ni kurudia dozi. Mtu mzima asizidishe gramu 4 ndani ya saa 24, na mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Aspirini asipewe mtoto wa chini ya miaka 16. Dawa za kupuliza puani za kuzibua zisizidi siku 5, maana baada ya hapo pua huziba kwa sababu ya dawa yenyewe.

Mtoto mchanga, na wakati wa kwenda hospitali

Mtoto mchanga hapumui vizuri kwa mdomo, ndiyo maana pua ikiziba hawezi kunyonya. Dakika 15 kabla ya kumnyonyesha, mlaze chali, dondosha matone 2 au 3 ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa matumizi ya hospitali katika kila tundu, subiri dakika 1, kisha vuta kwa mpira wa kunyonyea kamasi. Bonyeza mpira kwanza, ndipo uuingize ncha tu, halafu uachie polepole. Ukiubonyeza ukiwa ndani, unarudisha kamasi nyuma. Mara chache kwa siku, kwani kuvuta kila saa huvimbisha pua.

Mtu mzima amwone daktari kama anakosa pumzi, kifua kinauma, homa inapita siku 3, uso au sikio la upande mmoja linauma sana, dalili hazijaanza kupungua baada ya siku 10, au alipata nafuu kisha akarudi kuwa mbaya zaidi. Mjamzito, mzee, na mwenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo asisubiri siku zote hizo.

Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi anakwenda hospitali mara moja, bila kujaribu chochote nyumbani. Kwa wengine, hesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia, bila kulia wala kunyonya. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za haraka kupita kiasi. Zikifika hapo, au mbavu zikizama kila anapovuta hewa, au midomo ikiwa ya bluu, au akikataa kunyonya, mpeleke saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.